Bwawa la Baba Pendo na Ua Wake

Mwezi uliopita tulipanda Kinole kumzika Mjomba Thadei, na jioni, watu walipokwisha kula wali na maharage ya msiba, wakaanza kunicheka. Hawakuwa na ubaya. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka nje ya nyumba yake, harufu ya karafuu iliyoanikwa inakuja na upepo, na binamu yangu mmoja akasema, "Beti, ile bahari yenu ya Bigwa bado ipo?" Mikeka yote ikaangua kicheko. Wakasimulia bwawa letu la kuogelea tangu mwanzo hadi mwisho, na kila aliyepokea hadithi akaongeza chumvi yake, na hata wajane walijifuta machozi ya kilio wakatoa ya kicheko. Nilicheka nao. Msibani mtu huwezi kugombana. Lakini nilirudi mjini nimefura, na bado nimefura ninapoandika haya, kwa sababu kwa jinsi wanavyosimulia, ilikuwa ni habari ya mwanamume wa kuja aliyetaka mambo ya kizungu, na mjomba mkali wa mlimani. Mimi simo. Nikiwamo, ni kama mtu wa kupitisha chai. Sasa nasema: nilikuwamo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya sanduku na mtoto aliyeanza kutembea, na mwaka mzima ule nilidai kitu kimoja tu. Ua. Ua wenye mlango, usimame kati ya mtoto wangu na maji. Basi.

Mume wangu, Baba Pendo, alikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja pale mjini. Ule ulikuwa wakati wa ruksa, viwanda vinatafutiwa wenyewe wapya, wafanyakazi wanapunguzwa, na kila aliyepunguzwa anarudi nyumbani na kiinua mgongo pamoja na wazo. Mmoja alinunua mashine ya kusaga, mwingine akaanza kuuza mitumba. Wangu alinunua pampu. Ilikuwa pampu ya bwawa la nyumba ya meneja, ambayo aliitengeneza miaka yote akiwa amesimama pembeni na bisibisi yake, akitazama watoto wa wengine wakipiga mbizi. Aliirudisha nyumbani juu ya mkokoteni pamoja na chujio lake kubwa kama pipa. Tuliishi Bigwa, chini kabisa ya mlima, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule, haina dari. Kibanda cha pampu kilikuwa hakijajengwa, kwa hiyo pampu ikalala sebuleni chini ya meza, na kwa wiki kadhaa tulikula ugali na mchicha huku miguu yetu imekanyaga chuma. "Watu wa Dar wana hela," akaniambia, anamega tonge. "Wanataka kuja mlimani mwisho wa wiki, wale nyama choma, waogelee." Nikamwambia Dar wana bahari. Akasema bahari ina chumvi. Haya, mtu mzima akikujibu hivyo utamwambia nini?

Akachimba. Akajenga kwa tofali za saruji, akapiga lipu, akapaka rangi ya bluu, na sikatai, lilipendeza. Lilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Siku ile ile ya rangi nikamuuliza, "Ua utajenga lini?" Akasema kwanza maji. Nikamwambia Pendo anatembea. Akasema kwanza maji yakae vizuri, halafu ua, Mama Pendo, mambo hufanywa kwa mpango. Nikamkubalia. Sasa nikimkumbuka yule msichana aliyekubali kwa sababu ya neno mpango, nataka kumtikisa mabega. Maana maji ya bwawa hayakai vizuri. Ukilitibu hili linaibuka lile, na mwanamume anayepigana na maji haoni kitu kingine chochote duniani.

Kwanza lilivuja. Unajaza leo, keshokutwa yamebaki magotini. Rafiki yake Sadiki, waliyepunguzwa naye kazini, alikuja na ujuzi wake: chukua jivu, nyunyiza juu ya maji yaliyotulia, usitikise, tazama linavutwa wapi, hapo ndipo penye ufa. Jivu lilitoka mekoni kwangu. Wakakaa kando ya bwawa wamechuchumaa, wanaume wawili wanatazama jivu kama watu wanaopiga ramli, na mimi nimesimama nyuma yao na mtoto mgongoni, mboga inaungua. Ufa ulionekana, ukazibwa. Kisha zikaja mvua. Maji yetu yalitoka kwenye mfereji unaoteremka kutoka mlimani, na mvua ikinyesha huko juu mfereji unaleta udongo mtupu. Bwawa likawa chai ya maziwa. Nikatwanga mbegu za mlonge kwenye kinu mpaka viganja vikatoka malengelenge, kwa kuwa bibi zetu walisafishia maji ya mtungi kwa mlonge. Mtungi. Kwa bwawa zima utatwanga mpaka uzeeke. Tope likatulia kidogo, tukashukuru, na hapo ukaanza mgao wa umeme. Pampu haizunguki, maji yamesimama, jua linachoma, na kufumba na kufumbua yamekuwa ya kijani, mazito, yana utando unaovutika. Jirani yetu Mama Shani alikuja kuazima chumvi, akachungulia, akasema, "Jirani, leo mmepika mlenda mwingi hivi, mnatarajia wageni wangapi?"

Yeye alitania, mimi sikuona utani. Katika maji ya bluu mtoto akianguka unamwona. Katika mlenda humwoni. Vyura wenyewe tulikuwa tunawasikia tu, wanaimba kama kwaya ya parokia, lakini ukiwatafuta huoni hata jicho. Kwa hiyo nikamfunga Pendo. Ndiyo, nilimfunga, na sioni haya. Nikiwa napika, kipande cha khanga kiunoni mwake, ncha ya pili kwenye mguu wa meza ya jikoni. Nikifua, mgongoni. Alikuwa mzito, miguu yake inanipiga mapajani, analia anataka kushuka, na mimi nainama kwenye beseni natoka jasho. Watu wakaanza kusema. Mama Shani akaniita pembeni: "Mama Pendo, watu wanauliza kama mtoto ana kichaa." Nikamwambia, "Waambie mwenye kichaa ni baba yake." Usiku ule ule, la, jioni ile ile, maneno yakamfikia, akaja jikoni uso umemvimba. "Unanivunjia heshima. Unamfunga mtoto kama mnyama." Nikasema, "Nijengee ua nimfungue." Akatoka nje kutazama maji.

Nyumba isiyo na dari haina siri. Ukilala chumbani mchana kumbembeleza mtoto, unasikia sebuleni wanavyokula na wanavyokusema. Siku moja Sadiki na mume wangu walikuwa wanakula mihogo ya kuchemsha, nasikia vikombe. Sadiki akauliza, "Shemeji anasemaje?" "Anasema ua." "Tena?" "Tena." "Lakini bwana, ukiweka ua, wageni wataonaje maji kutoka barabarani? Biashara ni kuonekana." "Ndivyo nilivyomwambia." "Mwambie mtoto atazoea. Watoto wa baharini wanazoea." Nikasema kutoka kitandani, wala sikuinua sauti, "Sadiki, nakusikia." Vikombe vikatulia. "Ah, shemeji, hujalala?" "Nitalala siku mtakayojenga ua." Wakahamia nje. Yule Sadiki ndiye aliyeleta pia wazo la sabuni ya unga. Eti kama inatoa utando kwenye shati, itatoa na kwenye maji. Umeme uliporudi, pampu ikakoroga, na povu likapanda mpaka dirishani kwangu. Watoto wa Bigwa yote walikuja kucheza. Niliwafukuza kwa ufagio, mmoja mmoja, nahesabu vichwa kwenye povu. Na baada ya hapo yule bwana mwenye bwawa akakaa kitako akaniambia, "Sasa nimeelewa. Nitaleta nguzo."

Akaleta, kweli. Nguzo za mkaratusi, na waya, akazipanga kando ya nyumba. Nilizipitia zile nguzo nikazigusa kama mtu anayegusa kitanda kipya. Hazikukaa hata wiki. Habari zilipanda mlimani kwa watu wanaoleta ndizi na mananasi sokoni, na Mjomba Thadei akashuka. Inabidi nieleze hapa, maana wasio wa huku hawaelewi. Ardhi ya kwetu Waluguru inafuata tumbo la mama. Kile kiwanja cha Bigwa kilikuwa cha ukoo wetu, mjomba ndiye aliyenionyesha mipaka nilipoolewa, na mume wangu alikaa pale kwa sababu yangu. Kulima, alime. Nyumba ya kuishi, ajenge. Lakini mti wa kudumu haupandi bila neno la ukoo, kwa sababu mwenye mti kesho atasema ana shamba. Na ua ni zaidi ya mti. Mjomba alikuwa mzee mfupi, koti la suti juu ya kaptura, viatu amevishika mkononi ili visichakae njiani. Akaamkiwa, akaamkia, akanywa uji, akatoka akazitazama nguzo, akamwambia mume wangu, "Mkwe wangu, hizi hazisimami hapa."

"Mjomba, ni kwa ajili ya mtoto," akasema Baba Pendo.

"Shimo ulichimba, sikusema neno. Shimo ni shimo, siku moja litafukiwa. Ua ni mpaka. Nani alikupa mpaka?"

Nikasema, "Mjomba, ni mimi niliyeomba."

"Wewe ni mtoto wetu, huna haja ya kuomba ua. Anayejenga ni yeye." Akachukua viatu vyake mkononi, akaenda zake. Na mume wangu? Mume wangu alifurahi. Hakusema, lakini nilimwona mabega yakishuka. Zile nguzo akazitumia kujengea kibanda cha kuchomea nyama. Kuanzia siku hiyo nikimwambia ua, ananijibu, "Umesikia mjomba wako." Nikipanda Kinole kumlilia mjomba, ananijibu, "Mume wako aondoe maji." Kila mmoja alijificha nyuma ya mwenzake, na mimi katikati na mtoto mgongoni. Niliwahi kumwambia mjomba, nyumbani kwake, anamenya chungwa kwa kisu kidogo, "Unalinda mpaka usiingiliwe. Unamlindia nani?" Akasema, "Ukoo." Nikasema, "Ukoo ni Pendo. Mimi nina huyu mmoja tu wa kike." Akanipa nusu ya chungwa. Ndilo jibu nililopata. Leo najua kwamba wazee wengi hukupa chakula wanapokosa neno, lakini siku ile nililila lile chungwa kwa hasira mpaka nikatafuna mbegu.

Ukafika ubatizo wa Pendo. Baba Pendo alikuwa ameuchelewesha makusudi ili usherehekewe pamoja na bwawa. Kuna mtu wa Dar, aliyewahi kuwa mkubwa wake, aliahidi kuja kuona kama anaweza kuleta wageni. Kwa hiyo Jumamosi, siku moja kabla, nyumba ilikuwa vurugu tupu: mimi nachambua mchele, Mama Shani anakuna nazi, Sadiki anafagia majani, na mjomba ameshuka na zawadi ya mtoto, mbuzi jike mweupe, mnene, amemvuta kwa kamba kutoka mlimani. Mbuzi akafungwa kwenye mti wa mpera nyuma ya nyumba. Saa hizo mume wangu ametoka mjini na dawa ya mwisho. Maduka ya pembejeo yalikuwa yamefunguliwa kila kona, kila kitu kinauzwa, na mtu dukani kamuuzia shabu ya kutulizia tope gunia zima na mrututu, ile dawa ya bluu wanayonyunyizia viazi na nyanya kule Mgeta. Akaviponda, akavimwaga, akakoroga kwa fito ndefu. Umeme ulikuwapo. Pampu ikanguruma. Maji yalikuwa mlenda vilevile, tena yamechafuka zaidi. "Subirini kesho," akasema.

Alasiri nikaenda kumwaga maji ya mchele, nikaona kamba imekatika, mbuzi hayupo. Tulitafuta mpaka giza. Sadiki alishuka hadi barabarani, mimi nilizunguka mashamba ya mahindi naita kama mwendawazimu, mjomba alisimama katikati ya uwanja amekunja mikono. "Mjini kuna wezi," akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Mama Shani akaweka mbuzi yake ya kukunia nazi chini. "Mzee, shikamoo. Nakuheshimu. Lakini sisi Bigwa mbuzi wako hatujamla." "Sikukutaja wewe, mama." "Umetaja mjini. Mimi ndiye mjini wa karibu." Akachukua khanga yake akaondoka, nazi nusu haijakunwa. Tukala ubwabwa mkavu usiku, na mjomba akalala sebuleni akiguna.

Asubuhi nilikuwa namvalisha Pendo gauni jeupe niliposikia Baba Pendo anapiga kelele huko nje. Kelele za furaha. "Njooni! Njooni muone! Mpaka chini inaonekana!" Nikamfunga mtoto mgongoni juu ya gauni lile lile nikatoka. Mjomba akatoka na shuka. Mama Shani, pamoja na kununa kwake, akasogea mpaka wa kiwanja. Na kweli, jamani, sijapata kuona. Ule uchafu wote ulikuwa umetulia sakafuni kama vumbi, na maji yalikuwa maangavu, ya bluu, unaona mpaka kila alama ya mwiko wa fundi ukutani. Mume wangu amesimama pembeni amenyoosha mkono kama anayemtambulisha waziri. Na pale chini, upande wa kina, amelala mbuzi. Amelala ubavu, miguu imekunjwa vizuri, kipande cha kamba kimesimama ndani ya maji juu ya shingo yake, kinayumba kidogo kidogo kila pampu inapovuta.

Mkono wa mume wangu ulikaa umenyooka kwa muda, halafu ukashuka wenyewe. Tulikuwa tumekula pale jana. Tulikuwa tumeita, tumepiga kelele, tumetukana wezi, na Baba Pendo mwenyewe alikuwa amekoroga juu yake kwa fito. Nikamfungua Pendo mgongoni, nikampeleka kwa mjomba, nikamweka mikononi mwake na gauni lake jeupe. Alimpokea vibaya, kama mtu aliyepewa kitu cha moto.

"Mjomba," nikasema, "mshike vizuri. Huyo ndiye ukoo wako."

"Beti, tutazungumza tukitoka kanisani," akasema mume wangu.

"Kanisani haendi mtu. Siwezi kumpeleka mtoto amwagiwe maji kichwani saa nne, halafu nimrudishe hapa."

"Padri anatungoja! Na mgeni wa Dar yuko njiani! Tena sasa maji yamesafika, mtu akianguka anaonekana!"

Nikamwambia, "Akionekana ndiyo atakuwa mzima?"

Mama Shani akasema kutoka mpakani, "Mjibu mwenzio." Baba Pendo akakaa kwenye ukingo wa bwawa lake, kwenye suruali yake ya ubatizo, akashika kichwa. Mjomba hakuwa anamtazama mbuzi. Alikuwa anautazama mkono wa Pendo, uliokuwa unanyooshwa kwenye maji, kwa sababu yanang'aa na yeye anayataka. Akasogea nyuma. Pendo akazidi kunyoosha, akajirusha, mzee akayumba, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Hapo ndipo nilipoona uso wake umebadilika.

"Nguzo ziko wapi?" akauliza.

"Zimechomewa nyama," nikasema. Nilisema kwa hasira, hazikuwa zimechomwa. Kibanda cha nyama kilikuwa kimesimama juu yazo. Sadiki, na hili namshukuru, hakungoja kuambiwa. Akaenda akakibomoa. Mjomba akanirudishia mtoto, akavua koti, akachukua jembe, akachimba shimo la kwanza yeye mwenyewe karibu na mlango wa jikoni, akasimamisha nguzo kwa mkono wake na kuikanyagia udongo kwa kisigino. Akasema maneno kwa Kiluguru, ya kuwataja waliomtangulia kwenye ardhi ile, kisha akamgeukia mume wangu. "Ua huu umesimamishwa na ukoo. Umesikia, mkwe wangu? Si wako."

Baba Pendo akainua kichwa. "Sasa bwawa litakuwa la nani?"

"Bwawa lako. Mlango wetu."

Alitaka kubisha. Kisha akanitazama mimi, akatazama lile shimo la bluu na kilichokuwa ndani yake, akavua shati, akaingia majini kumtoa mbuzi. Hatukumla, amekufa hajachinjwa, tukamzika nyuma. Mgeni wa Dar alikuja mchana akakuta wanaume wote wamejaa matope na sisi tunapakua wali na maharage, akanywa soda, akaondoka, hakurudi. Ubatizo ulisogezwa. Wanaosimulia msibani huishia hapo, kwa mbuzi na kwa mgeni aliyekimbia, wanapigana vibega. Hawasimulii saa ya jioni, waya umekwisha kukazwa, mlango wa mbao umepigiliwa bawaba, na wale wawili wameshika komeo wanabishana liwekwe wapi. Mjomba anasema kiunoni, ndivyo milango ilivyo. Mume wangu anasema kifuani. Nikasogea, nikanyoosha mkono juu kabisa ya kichwa changu, nikaweka kidole kwenye ubao.

"Hapa."

"Mama Pendo," akasema mume wangu, "hapo wewe mwenyewe hufiki."

"Nitapanda juu ya tofali."

"Na mtoto je, hatapanda tofali hilo hilo?" akauliza mjomba.

"Tofali litalala chumbani kwangu," nikasema. "Piga msumari."